Je, Ustaarabu Hauwezi Kusimama bila Maandishi? Ushahidi wa Kilwa na Zimbabwe Kuu

Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa Kisiwani alitoa sarafu za shaba zenye jina lake upande mmoja na, upande wa pili, maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yaliyopangwa kwa vina vinavyokubaliana na jina hilo. Mojawapo ya sarafu zake ilifukuliwa Zimbabwe Kuu, takriban kilomita 1,500 kutoka Kilwa, katika mji ambao haukuacha hata herufi moja. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilichimbwa kwenye nyanda za juu za huko, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, kisha ikapanda majahazi kuelekea kaskazini, nao watawala wa Kilwa wakaitoza ushuru. Hivyo palikuwa na washirika wawili wa biashara moja: mmoja aliandika, mwingine hakuandika. Wote wawili walistawi katika karne zilezile, na wote wawili walikuwa wamekwishaanza kufifia karne ya 15 ilipokuwa ikimalizika.

Anayeuliza kama jamii inahitaji maandishi ili ifanikiwe hatapata kwa urahisi mfano unaofaa kuliko huu, na nusu yake iko mkoani Lindi, mwendo mfupi wa mashua kutoka Kilwa Masoko.

Swali lenyewe ni la zamani, na mara nyingi limeulizwa kwa nia ya kudharau. Mwaka 1950 mwanaakiolojia Gordon Childe aliorodhesha alama kumi za kutambua jamii zilizofikia maisha ya miji, na maandishi yalikuwa mojawapo. Orodha hiyo ilikuwa na manufaa yake, lakini wengi walioisoma baadaye waliigeuza kuwa mtihani ambao Afrika kusini mwa Sahara ilihesabiwa imefeli hata kabla ya kuufanya. Mwaka 1963 mwanahistoria wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alidai kwamba Afrika haikuwa na historia isipokuwa ile ya Wazungu waliokuwemo. Chini ya dai hilo kulikuwa na dhana kwamba pasipo na hati hapana historia, na pasipo na historia hapana ustaarabu. Dhana hizo ni mbili, tena ni tofauti, na zikichanganywa swali zima huharibika.

Katika makala haya, kufanikiwa maana yake ni jambo la kawaida: jamii kuweza kulisha watu wengi, kuwakusanya kwa kazi kubwa, kuamua kesi zao, kufanya biashara na watu wa mbali, na kuvirithisha vyote hivyo kwa vizazi kadhaa. Kwa kipimo hicho jibu langu ni kwamba maandishi si sharti. Sharti ni kumbukumbu inayoaminika nje ya kichwa cha mtu mmoja, na binadamu wameipata kwa njia nyingi. Maandishi yana faida zake za pekee, lakini nyingi kati yake huonekana baadaye, jamii ikishavunjika au ikishashindwa vitani.

Tuanze na kazi iliyoyazaa. Katika mji wa Uruk, kusini mwa nchi iitwayo leo Iraki, kabla ya mwaka 3000 KK, makarani walichora alama kwenye vibao vya udongo mbichi. Hawakuandika mashairi wala sheria. Waliandika shayiri, bia, kondoo, vibarua na posho zao, na mamia ya miaka yalipita kabla alama hizo hazijaanza kubeba hadithi na sala. Kwa maneno mengine, maandishi yalizaliwa ghalani. Jamii iliyoweza kuhesabu mali na madeni yake kwa kifaa kingine haikuwa na sababu ya haraka ya kuyabuni.

Wainka wa Amerika ya Kusini walikuwa na kifaa hicho. Himaya yao, yenye mji mkuu wa Cuzco katika Peru ya leo, ilitawala mamilioni ya watu kwenye milima ya Andes, ikiwa na barabara za urefu wa kilomita zisizopungua 30,000, maghala ya chakula yaliyopangwa njiani na matarishi waliopokezana ujumbe kwa kukimbia. Yote hayo yaliendeshwa bila maandishi kwa maana tunayoijua. Walichotumia ni kipu, yaani kamba kuu yenye kamba ndogo nyingi zinazoning'inia, kila moja ikiwa na mafundo. Mwaka 1912 Leland Locke alionyesha jinsi mafundo hayo yanavyosomwa: kundi la mafundo lililo karibu na mwisho wa kamba ni mamoja, la juu yake ni makumi, la juu zaidi ni mamia, na mahali pasipo na fundo ni sifuri. Aina ya fundo nayo ina maana, kwa kuwa fundo la mamoja hufungwa tofauti na la makumi ili msomaji asikosee hesabu moja inapoishia. Kamba moja ilibeba idadi, rangi yake ikatofautisha vilivyohesabiwa, na kamba ya juu mara nyingine ilibeba jumla ya zile za chini yake, hivyo mkaguzi aliweza kuhakikisha hesabu hata kama hakuifunga yeye.

Msomaji wa Newala au Masasi asidhani kwamba mafundo ni jambo la mbali. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani wa mila na desturi, Karl Weule, alizunguka sehemu za Lindi, Masasi na uwanda wa Makonde, akaandika kuhusu kamba zenye mafundo ambazo wenyeji walizitumia kuhesabia siku. Mtu anayesafiri alifunga mafundo kwa idadi ya siku atakazokuwa njiani na za kurudi, akamwachia mkewe kamba hiyo. Kila siku ilikuwa na fundo lake, na mke alijua leo mumewe anapaswa kuwa wapi na lini amtarajie. Hiyo ni kalenda, tena ni hati ya ahadi kati ya watu wawili. Tofauti yake na kipu ni ya ukubwa wa dola iliyokitumia, kwa kuwa misafara iliyopita uwanda huo haikuwa na mtawala mmoja wa kukusanya hesabu za mamilioni ya watu. Watu hubuni kifaa kinachotosha kazi iliyo mbele yao, na si haki kuwalaumu kwa kukosa kifaa cha kazi ambayo hawakuwa nayo.

Hesabu ni upande mmoja. Upande wa pili ni maneno: sheria, nasaba, sala, mafunzo ya utu uzima. Hapa watu waliozoea karatasi hudhani kwamba kichwa cha binadamu kinavuja kama kikapu, na kwamba kilichosemwa leo kitakuwa kimepotoka kabla ya mjukuu kukipokea. Hilo ni kweli kwa mazungumzo ya kawaida, lakini si kweli kwa maneno yaliyofungwa kwa ufundi. Nyimbo 1,028 za Rigveda, kitabu kitakatifu cha Wahindi, zilirithishwa kwa midomo kwa karne nyingi kabla hazijaandikwa, kwa mbinu ambayo mwanafunzi alifundishwa kusoma kila neno peke yake, kisha maneno mawili mawili, kisha kwenda mbele na kurudi nyuma, hata kosa la silabi moja lingejitokeza. Nchini Rwanda, wakuu wa mila walioitwa abiru waligawana kukariri taratibu za siri za ufalme, zikiwemo za kumtawaza mfalme. Huku kwetu mafunzo ya jando na unyago hayakuachiwa maelezo ya kupita. Yalitiwa kwenye nyimbo, mafumbo na ngoma, yakaimbwa na kundi zima mbele ya makungwi waliokwisha kuyapokea, ambao wangemsahihisha anayekosea papo hapo. Vina, mdundo na mashahidi wengi ndivyo vilivyofanya kazi ya wino.

Kwa wakazi wa pwani mfano ulio karibu zaidi ni hifdhi ya Kurani, kwa sababu unaonyesha nguvu ya kumbukumbu na udhaifu wake kwa pamoja. Mtoto wa madrasa anaweza kukariri kitabu chote bila kujua maana ya Kiarabu chake, na akisoma mbele ya mwalimu, irabu moja iliyopinda itasikika. Hata hivyo, mara baada ya kufariki Mtume, vita vya Yamama viliwaua mahafidhi wengi. Kwa mujibu wa riwaya za Kiislamu, Khalifa Abu Bakr alimwagiza Zaid bin Thabit aikusanye Kurani katika maandishi kwa kuchelea kwamba vita vingine vingechukua wengine. Kasoro iliyowatia hofu haikuwa kwamba mahafidhi walikuwa wanasahau. Walikuwa wanakufa, tena wengi kwa siku moja. Mnyororo wa midomo ni imara kiasi cha ajabu mpaka upate pigo la ghafla, na ukishakatika hauna akiba mahali pengine.

Faida ya pili ya maandishi ni kuwawezesha watu wasiojuana kuaminiana, na hili linaonekana kila msimu wa korosho. Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea anapofikisha magunia yake kwenye chama cha msingi, karani huyaweka kwenye mizani, huangalia ubora, kisha huandika jina, kilo na daraja. Mkulima hurudi nyumbani na karatasi, korosho zinakwenda ghala kuu, na baada ya mnada mnunuzi ambaye huenda anazipeleka India au Vietnam hulipa bila kumwona mwenye shamba. Kuanzia kwenye mizani hadi bandari ya Mtwara, mali hiyo inatembea kwa nguvu ya maandishi. Linganisha na kangomba, biashara iliyopigwa marufuku, ambapo mwenye shida hukopeshwa fedha msimu ukiwa bado mbali, akalipa kwa bakuli au kopo la korosho zitakapoanguka. Mara nyingi hakuna kinachoandikwa. Deni hushikiliwa na kujuana, na aibu, na shahidi aliyekuwepo. Kangomba humnyonya mkulima, sina shaka na hilo, lakini kama mfumo wa kumbukumbu hufanya kazi vizuri mno, kwani mkopeshaji huwa hasahau. Mfumo huo haufiki mbali tu: hauvuki eneo la watu wanaojuana. (Na karatasi nayo haiharakishi malipo, wanaosubiri fedha zao baada ya mnada wanalijua hilo.)

Ndipo Zimbabwe Kuu inapokuwa na funzo. Mji huo ulifanya biashara na wageni wa mbali sana, hata vyungu vya Uchina na bakuli la Uajemi vikafika kwenye nyumba zake, bila kuandika. Uliwezaje? Kwa sehemu ni kwa sababu waliokuwa kati, pwani ya Sofala na Kilwa, waliandika kwa niaba ya mnyororo mzima, na kwa sehemu ni kwa sababu dhahabu hupimwa hapohapo na malipo hukamilika mkononi. Waliokuwa nyumbani, waliojenga kuta za mawe zinazofikia mita 11 bila tone la saruji, walihitaji mamlaka, chakula na mafundi. Ukuta haujengwi kwa barua.

Tugeuze sasa upande wa Kilwa, ulioandika, tuone maandishi yaliusaidia nini. Yaliusaidia katika dini, biashara na heshima ya mtawala. Sarafu yenye jina ni tangazo linalotembea. Hayakuuzuia ugomvi wa kugombea usultani katika karne ya 15, wala hayakuzuia mizinga ya Wareno ya mwaka 1505. Hata kama kumbukumbu, maandishi yake yanahitaji kuhojiwa kama yanavyohojiwa masimulizi. Habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa njia mbili: toleo la Kiarabu, ambalo nakala yake ya mwaka 1877 imo London, na toleo lililofupishwa kwa Kireno na João de Barros, aliyelichapisha mwaka 1552. Matoleo hayo hayakubaliani katika orodha ya watawala wala katika miaka yao. Wanaakiolojia walipochimba Kilwa katika miaka ya 1960 chini ya Neville Chittick, walilazimika kuzipima tarehe za vitabu kwa sarafu na vigae, na mabishano juu ya lini hasa ulianza ukoo wa Washirazi, watawala wanaosimuliwa kuwa walitoka Uajemi, hayakuishia hapo.

Kuna jambo jingine ambalo mimi hulipenda zaidi. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, na maandishi yake yanasema kwamba nyumba zake zote zilikuwa za miti, zimeezekwa kwa nyasi. Sultani aliyempokea alikuwa huyohuyo al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga kasri la Husuni Kubwa kwa mawe ya matumbawe, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogelea la pande nane, na Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwa umesimama tayari. Kama magofu yangezama baharini na kitabu kikabaki, leo tungeamini kwa ushahidi wa shahidi wa macho kwamba Kilwa ulikuwa mji wa miti mitupu.

Na yapo maandishi yaliyokufa kabla ya wenyewe. Wagiriki wa enzi ya majumba ya kifalme, kabla ya mwaka 1200 KK, walikuwa na hati ya silabi ambayo Michael Ventris aliifumbua mwaka 1952. Karibu yote iliyobaki ni orodha za kondoo, mafuta, silaha na wafanyakazi. Majumba yalipoanguka, hati ilipotea pamoja nayo, na Wagiriki waliishi karne kadhaa bila kuandika. Katika karne hizo ndimo tenzi zao kubwa zilipokuzwa na waimbaji. Ujuzi wa makarani wachache wa ikulu ulikuwa umesimama juu ya ikulu yenyewe, kwa hiyo usingeweza kuishi baada yake.

Je, hakuna jambo ambalo bila maandishi haliwezekani kabisa? Lipo, na hapa watetezi wa masimulizi, nikiwemo mimi, tunapaswa kukubali. Makarani wa Babeli waliandika usiku baada ya usiku mahali pa mwezi na sayari, pamoja na bei ya shayiri na kina cha mto, kwa karne kadhaa mfululizo kuanzia karne ya 7 KK au kabla yake. Maelfu ya tarakimu zisizo na vina wala mdundo, zisizomvutia mtu yeyote kuzikariri, zikawekwa hadi alipokuja mtu wa kuzilinganisha na kuweza kutabiri kupatwa kwa mwezi. Kumbukumbu ya mdomo hubeba vizuri kinachotumika. Kisichojulikana bado kitatumika wapi hukiacha njiani. Mabaharia wa Polinesia walisafiri maelfu ya kilomita kwa kukariri nyota na mawimbi, na mwaka 1976 Mau Piailug, baharia wa visiwa vya Mikronesia aliyerithi ujuzi wa aina hiyo, aliongoza chombo Hōkūle'a kutoka Hawaii hadi Tahiti bila dira wala ramani. Ujuzi wake ulikuwa kamili kwa kazi hiyo. Lakini hisabati ya kupinga na kusahihisha kazi ya mtu aliyekufa miaka 300 iliyopita inataka kazi hiyo iwepo, neno kwa neno, mbele ya msomaji ambaye hakutarajiwa.

Linabaki suala la baada ya kushindwa. Wahispania walimkamata mtawala wa Wainka mwaka 1532, na mwaka 1583 baraza la kanisa lililokutana Lima liliamuru kipu zichomwe kwa kuzihusisha na ibada za sanamu. Zilizobaki duniani ni takriban elfu moja. Hesabu zake tunazisoma, lakini kama nyingine zilibeba majina na masimulizi, hakuna anayeweza kuzisoma, kwa sababu waliofundishwa kuzisoma walikufa bila warithi. Zimbabwe Kuu haikuvunjwa hivyo, ila ilinyang'anywa wajenzi wake: kwa kuwa ukutani hapakuwa na jina, walowezi walisema ni kazi ya Wafoinike au ya Malkia wa Sheba, ingawa uchunguzi wa David Randall-MacIver mwaka 1905 na wa Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 ulithibitisha kwamba walioijenga ni Waafrika. Mtu atasema basi maandishi yangewaokoa. Yaliwaokoa Waswahili? Kilwa iliandika, na kwa sababu iliandika kwa herufi za Kiarabu, wageni walisema ni mji wa Waarabu na Waajemi waliohamia. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha makaburi ya kale ya pwani yakiwemo ya Kilwa na Songo Mnara, ulionyesha mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000: kwa kiasi kikubwa asili ya Kiafrika kwa upande wa akina mama, na ya Kiajemi kwa upande wa akina baba wengi. Hadithi ya Washirazi haikuwa uongo mtupu, wala haikuwa habari yote.

Kuna hata nyakati ambapo kutoandika kumekuwa ngao. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kwa kung'oa pamba huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, na katika wiki chache vilikuwa vimefika Liwale, Masasi na kwingineko. Serikali ya Kijerumani ilikuwa na simu za waya, tarishi na majalada, lakini habari za maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale zilipita kwa kunong'onezana, kutoka ukoo hadi ukoo, na hapakuwa na barua ya kukamatwa. Gharama yake ilikuja baadaye, kwa sababu kwa miaka zaidi ya 60 habari za vita hivyo zilitegemea zaidi majalada ya upande mmoja, mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotuma wanafunzi mwaka 1968 kuwahoji wazee walioviona au waliosimuliwa na walioviona.

Miaka 15 kabla ya vita hivyo, Machemba, mtawala wa Wayao aliyekuwa na makao yake Luagala, ambayo leo iko Tandahimba, alikuwa ameandika. Mwaka 1890 alimpelekea kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann barua ya Kiswahili akimweleza kwamba haoni sababu ya kumtii, kwamba kama ni urafiki yuko tayari, lakini kuwa raia wake hawezi, na afadhali kufa. Dola yake haikuwa ya makarani. Kuandika kulikuwa kifaa alichokichukua pwani alipokihitaji. Barua haikumlinda, kwani mwaka 1899 alilazimika kukimbilia Msumbiji. Lakini Wajerumani waliihifadhi, na kwa hiyo sababu zake tunazo kwa maneno yake mwenyewe, ilhali za Kinjikitile tunazipata kwa wazee wa mwaka 1968 na kwa majalada ya serikali iliyomnyonga.